Sifa za Mkata Boriti

Ingia katika nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au ya Lamu, utazame juu. Dari imebebwa na miti iliyolazwa sambamba, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba chenyewe ni kirefu lakini chembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita 3. Wageni hushangaa kwa nini watu waliokuwa na mali ya kununulia milango ya nakshi walikubali kubanana hivyo. Sababu imetoka kwenye tope. Boriti ya mkoko iliyonyooka, yenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe, ina urefu wake, na mwashi alijenga kwa kipimo alichopelekewa na mkata miti. Vyumba walimozaliwa na kufia masultani, matajiri na masharifu vilipimwa kwanza na mtu aliyezama magotini katika matope ya Rufiji au ya Lamu.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Wachonga milango wamesifiwa, na mafundi wa majahazi nao wana picha zao makumbusho. Mkata boriti hatajwi, na mimi naona ni dhuluma.

Delta ya Rufiji, iliyo mkabala na kisiwa cha Mafia, ina mikoko iliyoenea kwenye hekta zipatazo 53,000. Pwani yote ya Afrika Mashariki haina msitu wa mikoko unaoushinda. Asiyejua akipita na mtumbwi huona ukijani mtupu. Mkataji huona miti ya kila namna, kila mmoja na kazi yake: mkoko na msinzi kwa boriti, mkandaa kwa pau na fito, mlilana kwa mataruma ya mashua, msikundazi kwa mlingoti, mkomafi kwa samani, mchu kwa kuni za kuchomea chokaa.

Kazi hufuata mwezi. Bamvua ikifika, maji hujaa mpaka vijito vya ndani kabisa na mitumbwi hupita. Yakipwa, watu hushuka na mashoka. Zipo saa chache tu za kukata. Pa kusimama hapana, kwa hiyo mkataji hukanyaga juu ya mizizi, akajipima asiteleze, kisha akapiga shoka kwa mikono miwili huku mbu na usubi wakimla shingoni naye hana mkono wa kuwafukuzia. Mti ukishaanguka, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mkoko mbichi ni mzito kiasi cha kuzama majini, haukubali kuachiwa mkondo uuchukue. Hubebwa begani, mmoja mmoja, hadi chomboni, kabla maji hayajarudi.

Nilifuatana na mzee mmoja wa upande wa Salale, humo deltani, nikamwonyesha mti mnene, ulionyooka vizuri, nikidhani nimemsaidia. "Baba, huu je?"

"Huo mwache, mwanangu. Bado unalea."

Nilipotazama juu niliona miche yake ikining'inia. Mkoko huzaa namna hiyo: mbegu huota ikiwa bado mtini, ikarefuka, hadi siku inapoanguka na kujichoma kwenye tope. Mzee alikwenda kukata mwingine uliokuwa umebanwa na wenzake, akaacha mwanya mdogo tu wa mwanga. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko ukikatwa shina chini ya matawi yenye majani, hauchipui, umekwisha. Kila pigo la shoka lake kwa hiyo ni hukumu isiyo na rufaa, na ndiyo maana nilimwona akiuzunguka mti mmoja kwa muda mrefu kuliko alivyotumia kuuangusha.

Miti hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuuzwa kwa korija, yaani miti 20. Mzoefu hahitaji kipimo: huukumbata mti kwa viganja, akautaja jina, na mnunuzi habishi. Zamani majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakangoja kusi ili yarudi na miti, maana Kuwait na Bahrain hazina misitu ya kujengea. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers aliingia delta hii ndani ya jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja kupakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kimewapa mabaharia wa Kuwait heshima wanayostahili. Wakataji wa Rufiji bado wanamsubiri mwandishi wao.

Wamesubiri tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika hadi humu deltani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika mikondo ya Rufiji. Ilivishwa matawi ili isionekane kwa mbali. Boila zake zilipohitaji matengenezo, watu waliziburuta nchi kavu hadi Dar es Salaam, na zilipotengenezwa wakaziburuta kurudi. Waingereza waliilinda midomo ya mto kwa miezi, hadi walipoleta Severn na Mersey, meli za mizinga zinazoweza kupita kwenye maji machache. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff aliilipua meli yake mwenyewe. Mizinga yake 10 ilitolewa ikapigana nchi kavu. Mmoja umesimama leo Fort Jesus, Mombasa.

Habari hizo zimeandikwa tena na tena, zikiwa na majina ya manahodha, ya marubani, hata ya msasi aliyetumwa kuitafuta meli. Hamna jina la aliyejua kijito kipi hufungwa na tope maji yakipwa. Hamna waliovuta boila. Wanaume wa pwani na bara walichukuliwa upagazi na pande zote mbili, na wengi sana wakafia njiani kwa njaa na kuhara. Kariakoo ya Dar es Salaam, tunakonunua nguo na viazi, ilikuwa kambi ya wapagazi wa Waingereza.

Katika familia za wakataji, basi, vita hivyo ni habari ya ukoo. Mzee wangu aliisimulia kwa kuonyesha kidole: hapa palikuwa na walinzi, pale watu waliogopa kukata hata baada ya amani. Aliipokea kwa babu yake, na babu huyohuyo ndiye aliyemfundisha baba yake kushika shoka. Jioni dagoni mazungumzo ya vijana na wazee huchanganyika bila mpaka: bei ya korija, ada ya mtoto aliyefaulu kwenda sekondari, nani babu yake alibeba nini na akarudi au hakurudi, kesho maji yatapwa saa ngapi. Nimekaa katika mikutano mingi ya wasomi isiyo na nusu ya utajiri huo. Nyumbani kwake ukuta ni wa fito na udongo, paa ni makuti aliyoyasuka mkewe, na nguzo nyingi zimepinda. Iliyonyooka iliuzwa.

Mwaka 1987 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, na ulipofunguliwa tena ulikuja na vibali. Sipingi vibali. Ninachopinga ni kumweka mtu huyu katika kapu moja na anayefyeka msitu mzima ili alime mpunga, jambo ambalo limekula sehemu kubwa ya mikoko ya kaskazini mwa delta. Mkata boriti anahitaji msitu uwepo kesho. Mkulima wa mpunga, ambaye naye ana njaa yake na simlaumu, anahitaji usiwepo.

Sasa mikoko inapandwa upya katika mashamba yaliyoachwa. Mahali pengi duniani miche ya namna hii imekufa kwa maelfu kwa kupandwa mahali ambapo maji hukaa mno au hayafiki. Mzee hupanda kwa kutazama mstari wa maji kwenye vigogo vya zamani. Huchagua mche ambao shingo yake imegeuka njano, maana wa kijani haujaiva, na huuchomeka theluthi yake tu. Tena hupanda karibu karibu kuliko anavyoelekezwa, kwa sababu mikoko inayobanana hunyooka ikitafuta mwanga, na yeye, pamoja na umri wake, anapanda boriti.