Mzizi wa Mchoro wa Matawi na Tendi za Lamu

Mchoro wa matawi umezoeleka mno katika masomo ya sintaksia hata kifundo chake cha juu hakiulizwi tena. Mwanafunzi huandika S, akateremsha mistari miwili, akaweka KN kushoto na KT kulia, kazi ikaanza. Desturi hiyo yatokana na Chomsky, ambaye katika Syntactic Structures (1957) alianzisha uzalishaji wa tungo kwenye alama ya sentensi. Nayo ilipata nguvu katika Kiswahili kwa kazi kama Swahili Syntax ya Vitale (1981). Ubaoni haidhuru. Lakini uchanganuzi ukikabidhiwa mashine, kifundo hicho hubeba mzigo ambao mchoraji hakuukusudia, na udhaifu wake hudhihirika mara tu kinapokabiliwa na miswada ya tendi za Lamu na Pate.

Neno lenyewe lina mtego. Katika mofolojia, mzizi ni kiini cha neno, kama -pig- katika anapiga. Hapa mzizi ni kile kifundo kisichotawaliwa na kifundo kingine, nacho hukaa juu kwa kuwa mti huu huchorwa kichwa chini.

Watunzi wa lugha za kompyuta walilazimika kuujibu swali la mzizi mapema, kwani programu haiwi sentensi moja. Kichanganuzi husoma mfululizo wa alama na kuupanga katika mti. Basi ni kitu gani kiushike mti mzima? Katika lugha ya Python mzizi si mmoja. Faili zima likisomwa, mzizi huwa Module, ambao hushika orodha ya kauli kwa mpangilio wake. Mtumiaji akiandika amri papo kwa papo, mzizi huwa Interactive. Kikisomwa kielezo kimoja tu kinachotakiwa kutoa thamani, mzizi huwa Expression. Hata faili tupu hupata Module yake, yenye orodha isiyo na kitu. Ndiyo kusema kwamba mzizi haukadirii kilichomo; hutaja ni kitu gani kinachosomwa, na kwa kiasi gani.

Sasa uangaliwe Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Beti lina vipande vine vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachoendelea hadi mwisho wa utendi. Miswada ya aina hii iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na alama zinazotenga vipande si nukta za kukomesha sentensi. Kichanganuzi ambacho mzizi wake ni S hakiwezi hata kuanza mpaka mtu akate matini katika sentensi. Nani akate? Katika Al-Inkishafi iliyochapishwa na Hichens mwaka 1939 kwa hati ya Kirumi, vituo ni vya mhariri. Mashine ikivifuata, inachanganua uamuzi wa Hichens, kisha matokeo yanahesabiwa kuwa ni sintaksia ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kosa hili si dogo, maana takwimu za urefu wa sentensi au za mpangilio wa maneno zitakazotolewa humo zitakuwa za karne ya 20.

Ndani ya sentensi nako hakuna salama. Kiamu husema ndoo pale Kiswahili sanifu kisemapo njoo: neno moja, tungo kamili, wala hamna KN inayoonekana. Mwana Kupona anapomwita bintiye, mwito ule si kiima wala yambwa, na S yenye matawi mawili haina pa kuutundika. Sarufi tegemezi, kama ile ya mradi wa Universal Dependencies, hupunguza taabu kwa kuifanya ndoo yenyewe kuwa mzizi. Mwito nao hupewa uhusiano wake. Hata hivyo mradi huo hutaka mzizi mmoja kwa kila sentensi, kwa hiyo ukataji umekwisha kufanywa kabla, na swali limesogezwa tu mlangoni.

Lililo bora ni mzizi wa matini, wenye orodha mbili juu ya maneno yale yale: moja ya mabeti na vipande vyake, nyingine ya sentensi kwa kadiri mchanganuzi anavyoweza kuzitetea. Orodha mbili zahitajika kwa sababu sentensi huweza kuvuka mpaka wa beti, na mti mmoja hauruhusu tawi kuwa na wazazi wawili. Patakuwa na atakayepinga kwamba beti ni jambo la arudhi, halihusu sintaksia. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito lau vina visingegusa mpangilio wa maneno. Lakini mshairi hutanguliza yambwa au huahirisha kitenzi ili kina kikae mahali pake, na mashine isiyojua kipande kinapoishia itauona upinduzi huo kuwa ni kanuni ya Kiamu.

Manufaa mengine yamo pembezoni mwa mswada. Wanakili kama Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi, wana maneno yao wenyewe: jina la mnakili na tarehe mwishoni. Maneno hayo ni ya mswada, si ya utendi. Chini ya S yatatupwa au yataungwa na beti la mwisho. Chini ya mzizi wa matini hupata kifundo chao, sambamba na utendi.