Mkanda Hushikwa na Bodi: Kufunga Mikanda ya Usalama Kwenye Magari ya Kale

Agosti 13, 1959, gari aina ya Volvo PV544 lilikabidhiwa kwa muuzaji magari katika mji wa Kristianstad, kusini mwa Uswidi. Kwa umbo lilikuwa gari la kawaida la wakati wake: paa la mviringo, milango miwili, usukani mkubwa mwembamba. Kilichokuwa kigeni ni mikanda ya viti vya mbele, kila mmoja ukiwa umeshikwa sehemu tatu. Hilo ndilo gari la kwanza kufika sokoni likiwa na mkanda wa aina hiyo tangu kiwandani. Miaka sita baadaye, Joginder Singh wa Kenya, yule ambaye mashabiki walimwita Simba, alishinda mbio za East African Safari za 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya PV544.

Gari lile la Kristianstad lilitoka kiwandani na mikanda yake, lakini magari mengi ya kale hayakuwa nayo, na hapo ndipo linapozuka swali linalowagawa wenye magari hayo popote walipo. Gari lililotengenezwa bila mikanda lifungwe mikanda, au liachwe kama lilivyotoka kiwandani? Jibu langu ni kwamba lifungwe. Ila mwenye gari akidhani kazi hiyo inaanza na kuishia dukani kwenye mikanda, bora ajue mapema kwamba kazi kubwa iko kwenye bodi.

Alichofanya Bohlin

Mhandisi aliyebuni mkanda ule ni Nils Bohlin. Kabla ya kuingia Volvo mwaka 1958 alikuwa Saab, akishughulikia viti vya ndege vinavyomrusha rubani nje wakati wa hatari. Rubani huvumilia mikanda mingi na vifungio vizito kwa kuwa kazi yake inamlazimu. Dereva wa kawaida anayekwenda sokoni hatavumilia. Bohlin alihitaji kitu kinachofungwa kwa mkono mmoja, kwa sekunde chache, na bado kikamshika mtu barabara.

Mikanda ilikuwepo kabla yake. Mingi ilikuwa ya kiunoni tu, na mingine ilipita kifuani huku kifungio kikikaa juu ya tumbo. Ajali ikitokea, kifungio hicho kiliweza kuumiza viungo vya ndani. Bohlin alichukua kipande cha kiunoni na kipande cha kifuani, akavikutanisha chini, kando ya nyonga. Mkanda ukawa na umbo la V iliyolala, ncha yake ikielekea sakafuni. Faida yake ni kwamba nguvu ya ajali inaangukia mifupa migumu, yaani nyonga, mbavu na bega, badala ya tumbo. Pia mkanda hubaki mahali pake unapovutwa, hauhami. Volvo iliacha ubunifu huo utumiwe na watengenezaji wengine.

Siri yote ya ubunifu huo iko kwenye mahali pa kushikia. Utepe ni ule ule. Kilichobadilika ni pembe na kimo cha sehemu tatu unapofungiwa. Fundi anayefunga mkanda kwenye gari la 1955 anarudia kazi ya Bohlin, na akikosea sehemu moja kati ya hizo tatu, anaurudisha mkanda kwenye matatizo ambayo Bohlin alikwisha kuyaondoa.

Hesabu ya nguvu

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Linagonga ukuta, na pua yake inabonyea nusu mita kabla ya kusimama. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, mtu wa kilo 70 aliyefungwa mkanda atauvuta kwa nguvu ya newtoni 13,500 hivi. Ni sawa na kuning'iniza juu yake mzigo wa karibu kilo 1,400. Asiyefunga mkanda hana hata hiyo nusu mita ya kupunguzia mwendo. Anaendelea mbele kwa kasi ile ile hadi akutane na usukani au kioo, na hapo anasimamishwa ndani ya sentimita chache.

Kwenye gari la kale hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chasi nyingi za zamani ni ngumu na hazikuundwa zibonyee kwa mpangilio. Mti wa usukani mara nyingi ni chuma kimoja kilichonyooka kutoka kwenye boksi la usukani hadi mbele ya kifua cha dereva. Dashibodi ni bati tupu. Anayejitetea kwamba gari lake la kale analiendesha polepole akumbuke kwamba kilomita 50 kwa saa ni mwendo wa mjini, na kwamba anayemgonga huenda yuko kwenye lori.

Hesabu hii haiko mbali na viwango rasmi. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kufungia mikanda, inataka sehemu za mkanda wa nukta tatu kwenye gari dogo zihimili newtoni 13,500 kwenye kipande cha kifuani na nyingine 13,500 kwenye kile cha kiunoni, kwa wakati mmoja.

Bolti, bati na kutu

Sasa tuingie chini ya gari. Sakafu ya gari la kale ni bati lenye unene wa milimita moja hivi. Toboa tundu, pitisha bolti, weka washa ndogo na nati, kisha kaza. Kwa macho kazi imekwisha, na ukiuvuta mkanda kwa mkono hautikisiki. Lakini mzigo wa zaidi ya tani moja ukija kwa ghafla, nati na washa yake vitalipasua bati na kupita, kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha shati lililochakaa.

Dawa yake ni bati la kuimarisha. Linawekwa upande wa pili, yaani chini ya sakafu kwa nje, ili bolti ikivutwa juu bati hilo liikandamize sakafu kwa eneo pana. Kwa magari ya mashindano, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, linataka bati la chuma lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 40 na unene usiopungua milimita 3. Hicho ni kipimo kizuri hata kwa gari la kutembelea. Kona za bati zizungushwe kwa tupa zisije zikaikata sakafu. Bolti nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mikanda, ya inchi 7/16 yenye meno 20 kwa kila inchi, wala si bolti iliyookotwa kwenye kopo la gereji.

Kabla ya kutoboa, fundi akague kutu. Kizingiti cha mlango na kona za sakafu ndipo maji hukusanyika, na kwa magari ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hewa ya chumvi huongeza balaa. Zulia litolewe lote, na bati ligongwe kwa mpini wa bisibisi. Lililo zima hulia. Lililooza hutoa mlio butu, na pengine bisibisi ikatoboa. Hapo kukata na kuchomelea bati jipya ndiyo kazi ya kwanza, mkanda usubiri.

Sehemu mbili za chini zitengane angalau milimita 350, na upande wa kifungio mkanda ushuke kwa pembe ya kati ya nyuzi 45 na 80 kutoka usawa wa sakafu. Ukilala sana, hupanda tumboni, na mtu huteleza chini yake. Sehemu ya juu ikae kwenye nguzo ya mlango, kwenye kimo cha bega au juu kidogo. Ikiwa chini ya bega, mkanda humvuta mtu kuelekea chini na kuubana uti wa mgongo. Nguzo hiyo huwa na uwazi ndani, kwa hiyo fundi hukata tundu upande wa ndani, huingiza bati lenye nati iliyochomelewa, kisha huziba.

Kwenye gari la wazi lisilo na nguzo, mkanda wa kiunoni uliofungwa vizuri ni afadhali kuliko mkanda wa bega uliolazimishwa kutoka sakafuni nyuma ya kiti.

Funzo la matatu

Mwaka 2004, kanuni zilizojulikana kama sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, zilianza kutumika nchini Kenya, na kila matatu, yaani gari dogo la abiria wa kulipa nauli, ikatakiwa iwe na mikanda. Magari mengi yaliyokuwa barabarani yalifungwa mikanda kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jambo jema. Ila swali la kiufundi lililopaswa kufuata ni hili: kiti chenye mkanda kimeshikwa na nini? Mkanda ukifungiwa kwenye kiti, miguu ya kiti inabeba uzito wa mtu na wa kiti chenyewe. Kwa sababu hiyo, ile kanuni namba 14 inaongeza kwenye jaribio la gari dogo nguvu sawa na mara 20 ya uzito wa kiti. Swali hilo linawahusu pia wenye magari ya kale, hasa ya milango miwili ambayo kiti cha mbele hukunjwa. Kama mgongo wa kiti hauna komeo, abiria wa nyuma atausukuma umgandamize aliye mbele, hata kama wa mbele amefunga mkanda.

Uasilia wa gari

Wapo wanaosema kutoboa bodi ni kuliharibu gari la kihistoria. Nawaelewa, kwani nami nayapenda magari haya. Lakini magari mengi ya miaka ya 1960 yana matundu ya mikanda tangu kiwandani, yamezibwa kwa vizibo chini ya zulia au nyuma ya pambo la nguzo. Anza kwa kuyatafuta. Yasipokuwepo, matundu machache yaliyoimarishwa vizuri hayapunguzi historia ya gari.

Wengine hujikinga na sheria. Uingereza, kwa mfano, hailazimishi mikanda kwa magari yaliyosajiliwa kabla ya 1965. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu haruhusiwi hata kupanda gari lisilo na mikanda. Sheria iliyomsamehe mwenye gari haikumsamehe mtoto, kwa sababu mwili hauangalii mwaka wa kutengenezwa gari.

Kwa hiyo ukilipeleka gari lako kwa fundi, usiulize kwanza bei ya mkanda wala rangi yake. Mwambie akuonyeshe mahali pa kufungia pakiwa wazi, kabla zulia halijarudishwa: bati la chini, bolti, na nguzo ilivyoimarishwa. Akikataa kukuonyesha, mtafute mwingine. Na akikuonyesha kazi iliyotimia, mlipe vizuri, ufunge mkanda, na uhakikishe kila unayempakia anaufunga pia.