Shule, skuli na szkoła: watoto wa ukoo mmoja



Kuna hoja inayorudi kila mara: ati "shule" ni kasumba ya Mjerumani, na "skuli" ya Wazanzibari ni kasumba ya Mwingereza, kwa hiyo yote mawili tuyatupe. Uchungu wake naujua, lakini jamani, hiyo ni hoja ya mtu aliyefungua kamusi akaishia kwenye mabano.

Kamusi zetu nyingi humtaja aliyetukopesha neno, basi. Hazisemi yeye alikopa wapi. Schule ya Kijerumani na school ya Kiingereza zote zinarudi kwenye schola ya Kilatini. Na Kilatini nacho kilichukua kwa Wagiriki, skholē, yaani wasaa, muda usio wa kazi. Wapolandi nao wakapata szkoła, itamkwayo karibu na "shkowa", kwa asili hiyohiyo ya Kilatini. Wakimbizi wa Kipolandi takriban 5,000 waliowekwa Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia 1942 waliendesha szkoła zao katika Tanganyika iliyokwisha kuwa na shule. Ndugu wawili wakakutana chini ya Mlima Meru bila kujuana! Baadhi ya watu hao waliishia hapa Uingereza, na sijamsikia Mpolandi wa London akiionea haya szkoła kwa kuwa chimbuko lake ni Roma.

Warumi walikuwa pia na ludus, ambalo ni mchezo na ni shule vilevile. Sisi tulikuwa na "chuo", ambacho zamani kilikuwa kitabu. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, wenye mswada wa 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Kwetu kitabu kikawa mahali, kama kwao wasaa ulivyogeuka jengo. Na leo mtaani wakisema fulani "ana shule", nani anamkumbuka Mjerumani?

Hata hivyo asili ina la kutufunza. Wasaa wa Athene ulibebwa mabegani mwa watumwa. Binti anayeamka alfajiri kuteka maji, akafika darasani anasinzia, ana shule lakini hana skholē. Hilo ndilo la kuwauliza wakoloni, na serikali zetu baada yao. Kugombania "sh" na "sk" hakumpunguzii binti huyo hata ndoo moja.

Naomba kuwasilisha.