Nafasi ya Mama katika Habari za Kilwa: Asili ya Washirazi na Hoja ya Msimulizi

Habari za Kilwa zimesomwa kwa muda mrefu kama hati za historia, na kwa nadra tu kama kazi za fasihi. Kwa sababu hiyo, swali lililotangulizwa ni moja: je, Washirazi walikuja kweli? Wako waliokubali, na katika enzi ya ukoloni jibu hilo lilitumiwa kudai kwamba majengo ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni. Wako pia waliokanusha, wakaiona hadithi nzima kuwa uzushi wa watu waliotamani nasaba ya mbali. Pande zote mbili zimelipita jambo lililo wazi katika masimulizi yenyewe, nalo ni nafasi ya mama.

Matoleo yanayojulikana zaidi ni matatu: muhtasari wa Kireno wa João de Barros uliochapishwa 1552, kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, ambacho nakala yake imehifadhiwa London, na masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Yote humleta Ali kutoka Shirazi, naye akakipata kisiwa kwa kutoa nguo. Yafaa ikumbukwe kwamba Shirazi ni mji wa bara, tena mbali na Ghuba. Bandari mashuhuri ya nchi hiyo zamani ilikuwa Siraf. Kwa hiyo katika hadithi jina la Shirazi ni cheo zaidi kuliko gati la kung'olea nanga.

Tofauti za matoleo ndizo zenye fundisho. Katika Kiarabu, jambo kuu ni biashara: nguo zinatandazwa kukizunguka kisiwa, mwenyeji anahamia bara, na mgeni anachimba kivuko ili maji yasikauke na muuzaji asirudi kupigana. Haki ya kutawala ni haki ya mnunuzi. De Barros anaongeza jambo ambalo mwandishi wa Kiarabu hana: mama yake Ali alikuwa Mhabeshi, na ndugu zake, wana wa mama wa Kiajemi, walimdharau kwa ajili hiyo. Hivyo huyo mwanzilishi mgeni anaondoka kwao akiwa tayari ana damu ya Afrika.

Masimulizi ya Kiswahili yanakwenda mbali zaidi. Hapa mwenyeji ana jina, Mrimba, na ana binti. Ali anamwoa binti huyo, na ni yeye anayemwomba baba yake awaachie kisiwa. Nguo zipo, lakini zimekuwa kama mahari kuliko bei. Mrimba anapotaka kurudi kwa vita, kinachomzuia si jembe bali ni kisomo cha Kurani. Kisha mtoto wa ndoa hiyo anapokua, anakwenda bara kumwamkia babu yake mzaa mama, na babu anamkabidhi utawala wake. Katika tukio hilo fupi hoja yote imebadilika. Ununuzi ulimpa Ali kisiwa. Kilichompa mwanawe enzi juu ya watu wa bara ni tumbo la mama yake. Msikilizaji wa pwani ya kusini, aliyeishi jirani na jamii zinazorithisha kwa upande wa mama, hakuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa pwani wa zama za kati na baadaye. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, zaidi ya Kiajemi, kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Matokeo hayo hayathibitishi merikebu saba wala nguo za Mrimba. Hata hivyo, yanawiana na ndoa iliyowekwa na msimulizi wa Kiswahili katika kiini cha hadithi yake.

Basi kosa la wahakiki lilikuwa kuuliza baba ametoka wapi, na kuishia hapo. Msimulizi wa Kilwa alijibu maswali mawili: baba alikotoka, na mama alikokuwepo. Anayefundisha habari hizi darasani kwa jibu la kwanza peke yake anafundisha nusu ya matini, na nusu anayoiacha ndiyo iliyobuniwa kwa Kiswahili.