«Mashtaka ya Uongo» au «Mashtaka ya Hila»?

Tuseme mkulima wa Mikumi ameshtakiwa kwa jinai ya kuingia shamba linalogombaniwa, na mahakama huko Kilosa ikamwachia huru. Akitaka fidia, wengi humwambia adai «mashtaka ya uongo». Istilahi hiyo yapotosha. Kuachiwa huru si ushahidi wa uongo. Huenda mlalamikaji aliamini kwa dhati kuwa shamba ni lake. Sheria hutazama kama alikosa sababu ya msingi, tena akawa na nia mbaya. «Kubambikiwa kesi», neno la mitaani, lina ukali lakini halina mpaka. Twapendekeza «mashtaka ya hila», yaani kuitumia jinai kumng'oa jirani shambani. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama mwaka 2021. Mdai anayeng'ang'ania kuthibitisha uongo hujitwika mzigo ambao sheria haikumtwika, na muda wake ni miaka 3 tu.