Chikamatsu hakuwa 'Shakespeare wa Japani'

Wahakiki wengi wakimtaja Chikamatsu Monzaemon humwita ati 'Shakespeare wa Japani'. Sifa hiyo naona inampotosha msomaji. Shakespeare aliwaandikia waigizaji wenye ndimi. Tungo nyingi za Chikamatsu ziliandikiwa vikaragosi, na kikaragosi hasemi.

Nani husema basi? Katika Bunraku, sanaa ya vikaragosi iliyokomaa mjini Osaka baada ya Takemoto Gidayu kufungua ukumbi wake mwaka 1684, msimulizi aitwaye tayu huketi kando ya jukwaa pamoja na mpigaji wa shamisen, ala ya nyuzi tatu. Kabla ya kuanza, tayu hukiinua kitabu cha matini na kukiinamia. Hebu fikiria: kinachopewa heshima pale ni maneno! Kisha, mara nyingi peke yake, huitoa sauti ya mzee, ya msichana, ya mlevi, na baina ya sauti hizo husimulia yanayotendeka. Je, hiyo ni tamthilia au ni utambaji? Ule mgawanyo wa tanzu tuliokaririshwa darasani hautufikishi mbali hapa.

Watazamaji wa leo husifu zaidi mikono. Kikaragosi mkuu huendeshwa na watu watatu: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Ni ufundi wa kustaajabisha, sikatai. Lakini mbinu hiyo ilizuka mwaka 1734, Chikamatsu akiwa keshaaga dunia. Alipotunga Sonezaki Shinju mwaka 1703, kikaragosi alikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Mzigo mkubwa uliangukia maneno.

Na maneno yenyewe ni ya kijanja. Tokubei, mfanyakazi wa duka aliyedhulumiwa pesa na rafiki, amejificha chini ya baraza. Juu ameketi mpenzi wake, kahaba Ohatsu, mbele ya dhalimu yuleyule. Ohatsu anasema kana kwamba anajisemea: je, Tokubei yuko tayari kufa? Wengine wanasikia mtu anayejililia. Tokubei anasikia swali. Anaushika mguu wa Ohatsu na kuupitisha kooni mwake.

Kwa kawaida vikaragosi wa kike hawana miguu, mafundi huchezesha upindo wa kimono tu. Kwa onyesho hili, Ohatsu hupewa mguu.