Maneno ya Nyumbani katika Somo la Kemia: Mfano wa Maji ya Nakuru

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, dhana ngeni ipewe neno la kukopa au la kubuni? Watetezi wa "asidi" wamebishana na watetezi wa "tindikali", na kila upande una hoja zake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilijaza pengo kubwa, na wanaoibeza kazi hiyo hawaitendei haki. Hata hivyo, mjadala wenyewe umeelemea upande mmoja. Umeshughulikia maneno mageni, ukayasahau yale ya kila siku, ambayo aghalabu ndiyo yanayopotosha zaidi.

Mfano mzuri unapatikana Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa. Maji ya visima vingi huko yana floridi itokayo katika miamba ya volkano. Pale ambapo maji yana asili ya magadi na upungufu wa kalsiamu, floridi husalia ndani yake badala ya kuungana na kalsiamu na kutuama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa hupita kiwango hicho. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake yanapoumbika hubaki na madoa ya hudhurungi maisha yake yote. Kiwango kikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika.

Mwanafunzi wa sekondari wa huko husoma kemia kwa Kiingereza. Nyumbani huenda akazungumza Kikuyu au Kikalenjin. Lakini mjini, penye watu wa makabila mengi, Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya foleni ya maji. Akitaka kumweleza jirani alichojifunza, neno "floridi" halimsumbui. Ni geni, na msikilizaji akilisikia huuliza maana yake. Matata yamo katika maneno ambayo hakuna anayeyauliza.

Tuanze na "safi". Katika matumizi ya kawaida, maji safi ni yale maangavu, yasiyo na taka wala harufu. Maji yenye floridi huweza kuwa na sifa zote hizo. Pili, "chemsha". Mafundisho ya afya yamelifanya neno hili kuwa sawa na kusalimisha maji, na kweli kuchemsha huua viini vya maradhi. Lakini floridi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huzidi ukali. Tatu, "chumvi". Mwalimu akisema floridi hupatikana katika chumvi, nyumbani hueleweka chumvi ya mboga, na aliyeonja asikute ukali wa chumvi hudhani ameokoka.

Neno la nne, "chuja", lina hatari zaidi. Mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru umetumia mkaa wa mifupa kuondoa floridi. Kazi ya mkaa huo si ya chekeche. Floridi hushikwa juu ya chembe zake, mpaka nafasi zikaisha. Kitambaa cha kuchujia kikichafuka huonekana, lakini mkaa uliojaa hauonyeshi dalili yoyote: maji huendelea kutiririka maangavu kama jana. Anayeelewa "chuja" kwa maana ya jikoni hana sababu ya kuubadilisha.

Yawezekana kudaiwa kwamba kila lugha ina utata huu, na kwamba Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa chumvi ya mezani na ya maabara. Ni kweli. Lakini katika Kiingereza mwanafunzi ana mwalimu na kitabu vya kumtenganishia maana hizo mbili. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa nchini Kenya mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ila hakikupewa kemia. Na hata Tanzania, kilikoandaliwa kamusi, sekondari zimeendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Kwa hiyo istilahi zimehifadhiwa katika orodha bila kupata sentensi za kuzifanyia kazi.

Hapana budi basi kazi ya istilahi ivuke kiwango cha orodha. Idara za Kiswahili, zikishirikiana na wanakemia, zinapaswa kuandika maelezo marefu yanayoonyesha mipaka ya maneno ya kawaida yanapoingia maabarani. Chukua sentensi hii: "Maji haya ni maangavu, lakini yana floridi, kuyachemsha hakuiondoi, na mkaa unaoishika hujaa bila kuonekana." Neno geni ni moja tu, nalo linaeleweka mara likifasiliwa. Mengine yote ni ya nyumbani, na ndiyo yaliyohitaji kuchaguliwa kwa uangalifu.